Mashujaa Waliojengwa kwa Sauti

Mnamo 12 Februari 1940, kituo cha redio cha WOR jijini New York kilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Superman. Shujaa huyo alikuwa hajatimiza hata miaka 2 tangu achapwe kwa mara ya kwanza mwaka 1938, na wasomaji walikwisha kumzoea kwa macho: joho jekundu, herufi kubwa kifuani, magari yakinyanyuliwa juu kama si kitu. Redioni joho halikuwepo. Alikuwepo mwigizaji, Bud Collyer, na maikrofoni mbele yake. Collyer alitakiwa kumfanya msikilizaji aliyeketi sebuleni atambue wakati ule ule ambapo Clark Kent, mwandishi mpole wa habari, anageuka Superman. Alitumia koo lake tu. Aliianza sentensi kwa sauti nyembamba ya Kent, akaishusha katikati, na kabla sentensi haijakoma aliyekuwa akisema alikwishakuwa mtu mwingine.

Mchezo huo wa redio ulichangia mengi kuliko watu wanavyokumbuka. Kriptonaiti, lile jiwe la kijani linalomlegeza Superman, lilisikika redioni mwaka 1943, likachelewa hadi 1949 kuingia katika vitabu vya katuni. Shujaa aliyezaliwa kwa wino alikuwa anaumbwa upya na watu wa sauti, na tangu hapo hajaacha kuwategemea. Katika televisheni, ambako fedha za kuchora zilikuwa haba kwa miongo mingi, sauti ndiyo iliyobeba uzito ambao mikono ya wachoraji haikulipwa kuubeba. Kwa sababu hiyo, namna sauti hiyo inavyorekodiwa, inavyobanwa na kuhifadhiwa si jambo la mafundi peke yao. Ni nusu ya kazi yenyewe.

Kutoka redioni hadi kwenye skrini

Mwaka 1941 studio ya ndugu Max na Dave Fleischer, iliyokuwa imehamia Miami katika jimbo la Florida, ilipewa kazi ya kumtengeneza Superman kwa ajili ya sinema. Filamu ya kwanza ilitoka 26 Septemba 1941, na hadi mwisho wake mfululizo huo ulikuwa na filamu fupi 17. Hizo zilikuwa kazi za gharama. Miili ilichorwa ikiwa na uzito na kivuli, majengo yaliporomoka kipande kwa kipande. Hata hivyo, wenye studio hawakutafuta sauti mpya ya shujaa. Walimchukua Bud Collyer, na Joan Alexander aliyekuwa Lois Lane redioni, wakampa Sammy Timberg kazi ya kutunga muziki.

Katuni ina tabia moja inayoitofautisha na filamu ya watu halisi. Kamera inapompiga picha mtu anayetembea, maikrofoni hunasa pia nyayo zake, upepo, gari linalopita mbali. Mchoro hauna nyayo. Hauna pumzi wala mwangwi wa chumba. Mlango uliochorwa haulii mpaka mtu aamue ulie, achague ni wa mbao au wa chuma, na aamue mlio wake udumu kwa muda gani. Kila kitu kinachosikika katika katuni kimewekwa pale kwa makusudi. Ukiondoa sauti moja ndogo, umefuta uamuzi wa mtu.

Wakati wa Fleischer sauti hiyo iliishi kama mstari wa mwanga pembezoni mwa filamu, na mikwaruzo ya filamu ilikuwa mikwaruzo ya sauti. Baada ya vita vya pili vya dunia, utepe wa sumaku uliobuniwa Ujerumani ulifika Marekani, kampuni ya Ampex ikaanza kuuza mashine zake mwaka 1948, na studio zikapata kitu ambacho hazikuwa nacho: sauti inayoweza kukatwa kwa wembe, kuunganishwa, kupangwa katika makabati na kutumiwa tena mwaka unaofuata.

Picha zilipopungua

Uwezo huo wa kutumia tena ndio uliookoa katuni za televisheni. William Hanna na Joseph Barbera walikuwa wamezoea kutengeneza Tom na Jerry huko MGM kwa bajeti za sinema. Studio hiyo ilipofunga kitengo chake cha katuni mwaka 1957, wakaanzisha kampuni yao na kukutana na uchumi mwingine kabisa: televisheni ililipa chini ya dola 3,000 kwa kipande cha dakika chache. Jibu lao lilikuwa kuchora kidogo. Mwili ulitulia, mdomo ukasogea. Mandhari ile ile ilipita nyuma ya mkimbiaji mara tatu, mara nne.

Picha isiyosogea inahitaji sauti inayosogea. Hanna-Barbera wakajenga hazina ya milio: miguu inayokimbia kabla mkimbiaji hajaondoka, ngumi, miale, mlipuko, kitu kinachoanguka kutoka mbali. Milio hiyo ilitumika katika vichekesho na baadaye katika katuni za mashujaa, tangu Space Ghost ya 1966 hadi Super Friends, iliyoanza ABC mwaka 1973 ikiwa na Superman, Batman na Wonder Woman katika ukumbi mmoja. Mtoto aliyekaa mbele ya televisheni Jumamosi asubuhi aliweza kutambua katuni ya kampuni hiyo akiwa amefumba macho.

Mwaka huo huo wa 1966, kampuni ndogo ya Filmation ilipata mkataba wa kumleta Superman katika televisheni ya CBS. Michoro yake ilikuwa ya kubana matumizi kuliko hata ya Hanna-Barbera. Uamuzi wa busara kuliko yote ulikuwa kumrudisha Bud Collyer, akiwa sasa mtangazaji maarufu wa mashindano ya televisheni, ashushe tena sauti yake katikati ya sentensi. Robo karne ilikuwa imepita tangu filamu za Fleischer. Picha ilikuwa imekonda, lakini sauti ilikuwa ile ile, na ushujaa ukasimama. Collyer alifariki mwaka 1969.

Dosari ya enzi hiyo ilikuwa mazoea. Mlipuko wa Jumamosi hii ulikuwa mlipuko wa Jumamosi iliyopita, na muziki ulikatwa kutoka katika rundo moja la vipande vilivyorekodiwa mara moja. Tena televisheni yenyewe ilitoa sauti kwa spika moja ndogo. Hadi 1984, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipoidhinisha matangazo ya stirio, hapakuwa na sababu kubwa ya mtengenezaji wa katuni kufikiria nini kisikike kushoto na nini kulia.

Gotham yenye okestra

Tarehe 5 Septemba 1992, televisheni ya Fox ilianza kurusha Batman: The Animated Series, kazi iliyoongozwa na Bruce Timm na Eric Radomski chini ya Warner Bros. Radomski alitaka mandhari zichorwe juu ya karatasi nyeusi badala ya nyeupe, ili mji wa Gotham utoke gizani. Watengenezaji wa sauti walipaswa kujaza giza hilo.

Utangulizi wake wa dakika moja hauonyeshi jina la kipindi hata mara moja. Mtazamaji anajua anachokitazama kwa umbo la kivuli juu ya paa na kwa muziki wa Danny Elfman, aliyekuwa ametunga muziki wa filamu ya Batman ya 1989. Baada ya hapo kazi ilikuwa mikononi mwa Shirley Walker.

Walker, aliyezaliwa mwaka 1945 huko Napa, California, alikuwa mpiga piano tangu utotoni, na ndiye aliyeiongoza okestra katika muziki wa Elfman wa 1989. Mwaka ule ule wa 1992 aliingia katika kundi la wanawake wa kwanza kutajwa peke yao kama watunzi wa muziki wa filamu kubwa ya Hollywood, Memoirs of an Invisible Man. Katika katuni ya Batman alifanya jambo ambalo televisheni ya watoto ilikuwa imeacha kulidai: muziki mpya kwa kila kipindi, uliotungwa kufuata picha sekunde kwa sekunde na kupigwa na okestra ya watu. Vipindi vilikuwa 85. Kila kimoja kilifunguliwa kwa kadi ya jina yenye muziki wake wenyewe. Miongoni mwa maadui, Joker alikuwa na wimbo wake, Penguin wake, Two-Face wake, na Walker alimpa Batman wimbo mwingine ulio tofauti na wa Elfman.

Mzigo huo haukuwezekana kubebwa na mtu mmoja. Walker aliwakusanya watunzi vijana, miongoni mwao Lolita Ritmanis, Michael McCuistion na baadaye Kristopher Carter, akawafundisha kazini. Watatu hao ndio walioendelea na katuni za Superman, Batman Beyond, Justice League na Young Justice, na kuanzisha kampuni yao, Dynamic Music Partners. Walker mwenyewe alipata tuzo ya Emmy ya vipindi vya mchana mwaka 1996. Katika filamu ya Batman: Mask of the Phantasm ya 1993 aliweka kwaya inayoimba kwa lugha inayosikika kama Kilatini cha kanisani; maneno yenyewe ni majina ya wafanyakazi wenzake yaliyosomwa kinyumenyume. Ni heshima kubwa kwa watu ambao kwa kawaida majina yao hupita haraka mwishoni bila kusomwa.

Upande wa waigizaji, mwelekezi Andrea Romano aliwaketisha pamoja studioni, kila mmoja na maikrofoni yake, wakijibizana kama katika mchezo wa redio. Kevin Conroy, mwigizaji wa jukwaani aliyesomea Juilliard, alimpa Bruce Wayne, yaani Batman asipovaa barakoa, sauti moja na Batman sauti nyingine, ya chini na kavu. Mark Hamill alimpa Joker kicheko ambacho kila mara kilikuja na maana tofauti. Sauti zilirekodiwa kwanza, kisha michoro ikatengenezwa na studio za Japani, Korea na kwingineko kwa kuzifuata. Hivyo mchoraji wa Seoul alikuwa akichora pumzi ya mtu aliyesimama Los Angeles. Kile alichokifanya Collyer mwaka 1940 kilikuwa kimerudi, na safari hii kwa makusudi kamili.

Tarehe 31 Oktoba 1992 ikaja X-Men, pia Fox, na wimbo wake wa kufungulia wa gitaa na sinthesaiza. Wimbo huo ulishika masikio kiasi kwamba X-Men '97 ilipoanza Machi 2024, watunzi wanaojiita The Newton Brothers, waliopewa muziki, waliupanga upya badala ya kuuondoa.

Hesabu iliyotoka angani

Kazi hizo zilipokuwa zikirushwa, namna dunia inavyohifadhi sauti ilikuwa inageuka. CD, iliyoanza kuuzwa 1982, hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde na kuandika kila kipimo kwa biti 16. Kwa chaneli mbili hizo ni takribani kilobiti 1,411 kila sekunde, mzigo mkubwa mno kwa intaneti ya miaka ya 1990. Watafiti wa Ujerumani, Karlheinz Brandenburg akiwa miongoni mwao, walikuwa wamepata njia ya kuupunguza: chunguza kile ambacho sikio halitakigundua, kwa kuwa kimefunikwa na sauti kubwa iliyo jirani, kisha kitupe. Mwaka 1995 faili zilizobanwa hivyo zikapewa kiambishi cha mp3. Kwa kilobiti 128, wimbo ulibaki na sehemu moja tu kati ya 11 ya ukubwa wake.

Kilichotupwa hakirudi. Na sauti za katuni za mashujaa ndizo zinazoteseka mapema. Ngumi, kioo kinachopasuka na tarumbeta inayoingia ghafla ni milio yenye ncha kali, na ubanaji mkali huiwekea ukungu mdogo kabla ya pigo lenyewe. Mwangwi unaofifia taratibu katika pango la Batman hukatika mapema. Matoazi huanza kulia kama maji. Faili ikibanwa, ikafunguliwa, ikahaririwa na kubanwa tena, hasara huongezeka juu ya hasara.

Njia ya pili ilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1971 Robert Rice na mwenzake, wakiwa katika maabara ya JPL inayoendeshwa kwa ajili ya NASA huko California, walichapisha mbinu ya kubana data za picha za televisheni kutoka vyombo vya angani bila kupoteza biti hata moja. Msingi wake ni kwamba tofauti kati ya kipimo kimoja na kinachofuata kwa kawaida huwa ndogo, na namba ndogo inaweza kuandikwa kwa biti chache. Josh Coalson alipotengeneza mfumo wa FLAC, uliotolewa rasmi katika toleo lake la kwanza Julai 2001, alitumia wazo hilo kwa sauti. Programu hukata sauti vipande vifupi, hukisia kila kipimo kutokana na vilivyotangulia, kisha huhifadhi kosa la makisio kwa msimbo wa Rice. Anayefungua faili hurudia makisio yale yale, huongeza makosa, na hupata wimbi lile lile, biti kwa biti. Kwa muziki mwingi faili hubaki kati ya nusu na robo tatu ya ukubwa wake.

Ni kama kukunja kanga ili ienee sandukuni: ukiikunjua, pindo lipo, mji upo, na jina lake linasomeka. MP3 huikata pindo kwa hoja kwamba aliyeivaa haangaliwi chini.

Mwaka 2003 FLAC iliingia chini ya shirika la Xiph.Org. Matumizi yake ni bure na maelezo yake yako wazi kwa yeyote, na Desemba 2024 yaliwekwa rasmi miongoni mwa viwango vya intaneti. Kwa upande wa filamu, mbinu ya kampuni ya Meridian iliyotumika katika DVD-Audio ikawa msingi wa Dolby TrueHD, na DTS ikaleta mfumo wake, DTS-HD Master Audio. Mifumo yote miwili ilipata makao katika diski za Blu-ray kuanzia 2006.

Sauti kamili inarudi, kisha inabanwa tena

Okestra ya Walker ilikaa miaka mingi ndani ya matangazo, kanda za video na DVD zenye sauti iliyobanwa. Mwaka 2008 kampuni ya La-La Land Records ilitoa albamu ya kwanza ya muziki wa vipindi hivyo katika CD, ikiwa imetoka kwenye rekodi za studio. Zikafuata nyingine. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba chini ya ngumi na mazungumzo kulikuwa na mistari ya klarineti na nyuzi ambayo spika ya televisheni haikuwahi kuifikisha. Shirley Walker hakuiona siku hiyo. Alifariki 30 Novemba 2006.

Oktoba 2018 vipindi vyote vilitoka katika Blu-ray, picha ikiwa imesafishwa upya na sauti ikiwa katika mfumo usiopoteza, kwa chaneli mbili. Kuna waliotamani chaneli 6. Uamuzi wa chaneli mbili ulikuwa wa haki. Ubanaji usiopoteza hauongezi ukubwa ambao haukurekodiwa. Unaahidi tu kwamba kilichotoka studioni mwaka 1992 ndicho kinachofika sikioni.

Sasa katuni nyingi za mashujaa zinazaliwa moja kwa moja kwenye huduma za kutiririsha. Invincible, iliyoanza Amazon Machi 2021, imefanya sauti kuwa sehemu ya uandishi: katika sehemu nyingi kuna wakati ambapo mhusika anakaribia kulitamka jina la kipindi, neno linakatwa na maandishi makubwa yanalijaza kwenye skrini. Barani Afrika, Supa Team 4 ya Malenga Mulendema wa Zambia, iliyotengenezwa na Triggerfish ya Afrika Kusini, ilianza Netflix Julai 2023 ikiwa na mashujaa wasichana wa Lusaka ya siku zijazo.

Kazi hizi hutufikia zikiwa zimepunguzwa. Sauti ya chaneli 6, yenye biti 24 na vipimo 48,000 kwa sekunde, inahitaji kilobiti 6,912 kila sekunde kabla ya kubanwa. Netflix ilipotangaza mwaka 2019 kwamba imeboresha sauti yake, kiwango cha juu kwa chaneli hizo kilikuwa kilobiti 640, chini ya sehemu moja ya kumi. Kwa kutazama sebuleni hicho ni kiwango kizuri, na wahandisi wake walifanya kazi ya kusifiwa. Hatari iko kwingine: katuni isiyotolewa kwenye diski wala albamu haina nakala kamili nje ya kabati la mwenye nayo. Siku huduma ikiiondoa kazi hiyo, mtazamaji hana cha kurudia, na mtafiti hana cha kuchunguza.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wale wanaotengeneza katuni leo, pamoja na studio changa za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ambazo mara nyingi hukabidhi faili moja iliyobanwa na kufuta zilizobaki ili kupata nafasi. Msifute. Hifadhini mazungumzo peke yake, muziki peke yake na milio peke yake, kila kimoja katika FLAC au WAV isiyobanwa, katika mahali pawili tofauti. Zikitengwa hivyo, kazi yenu itaweza kutafsiriwa kwa lugha nyingine bila kupoteza muziki wake, na kuchanganywa upya kwa spika ambazo bado hazijabuniwa. Programu ni ya bure, na diski ya kuhifadhia ni rahisi kuliko siku moja ya kukodi studio. Sauti ya Collyer, okestra ya Walker na kicheko cha Hamill vipo hadi leo kwa sababu kuna watu waliotunza rekodi. Mashujaa wetu nao wanastahili watunzaji wa namna hiyo.